Barua ya Aliyeacha Koti

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama katikati ya chumba. Viatu vya Mwenyekiti vilikuwa vinapanda ngazi, na ile bahasha iliyokuwa inipeleke kwenye historia ilikuwa mdomoni mwa mwanangu.

Naambiwa wengi hamkulala vizuri. Msomaji mmoja alituma ujumbe gazetini akiuliza ni mama gani huyu anayemwacha mtoto atafune karatasi ya vita. Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba ni mama aliyesoma. Asiyesoma angeiweka juu ya kabati.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Zamani, nchi hii ilipopigana yenyewe kwa yenyewe, mto ukawa mpaka. Posta ya huku haikupokea barua ya ng'ambo, na posta ya ng'ambo haikupokea ya huku. Barua chache tu zilivuka, kwa siri, na leo kuna watu wazima wenye akili zao wanaozitafuta kama dhahabu. Wana chama. Mimi nimo chamani. Nilisoma masomo ya jioni, masomo yakanipa cheti, cheti kikanipa kiburi, na kiburi kikanipeleka moja kwa moja kwenye kiti cha mbele cha Chama cha Wakusanyaji wa Barua za Mtoni.

Wiki mbili hivi zilizopita nilikuta bahasha moja nyumbani kwangu mwenyewe. Ina stempu ya ng'ambo na imefungwa kwa gundi. Tangu vita haijafunguliwa na mtu. Chama kizima hakina barua kama hiyo. Nikampigia Mwenyekiti, nikajisifu kidogo. Sawa, nikajisifu sana. Akasema anakuja kuiona.

Na sasa alikuwa amekuja.

"Lete kwa mama," nikamwambia mwanangu. Nyumbani tunamwita Bwana Mkubwa, kwa kuwa hana kazi na wote tunamtumikia.

Bwana Mkubwa akang'ata kwa nguvu zaidi.

Nikamtekenya ubavuni. Akacheka, mdomo ukafunguka, bahasha ikadondoka juu ya shuka. Stempu ilikuwa salama. Kona moja ilikuwa imelowa mate, na juu yake palikuwa na alama za meno mawili, yale yale tuliyoyapigia vigelegele juzi yalipoota.

"Hodi," ikasema sauti ya Mwenyekiti mlangoni.

Wasomaji wangu, mtu akibanwa hafikirii kwa cheti. Nilihitaji muda wa kuikausha ile kona. Chini ya godoro ingekunjika, na kwenye kabati la vyombo kuna mafuta. Macho yangu yakaanguka kwenye nepi ya Bwana Mkubwa. Ni nepi ya kizamani ya flana, ya vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, na katikati yake pana nafasi kama mfuko. Ndani ya nafasi hiyo ndimo nilimoikuta bahasha, nepi ikiwa bado haijavaliwa hata mara moja. Nikaona, kwa nini nisiirudishe kwao kwa dakika chache?

Nikafungua pini, nikaichomeka, nikafunga pini.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na beseni tupu. Alikuwa ametoka kuanika nguo juu ya paa. Alikuwa ameona kila kitu.

Mama mkwe wangu si mtu wa kushangaa. Siku niliyounguza sufuria mpaka likatoboka alisema tu, "Angalau tumeota moto." Lakini hapo beseni lilimtoka mikononi.

"Nani kakufundisha kuweka hapo?" akaninong'oneza.

"Hakuna, mama. Nimebanwa tu."

"Mkwe. Nakuuliza tena. Nani kakwambia?"

"Hodi jamani," akasema Mwenyekiti kwa mara ya pili.

Nikafungua mlango. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Mwenyekiti wetu ni mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Hakai wala hasalimii kabla hajavaa glavu zake nyeupe za pamba. Alizivaa pale pale mlangoni, akampa Bwana Mkubwa mkono wenye glavu, kisha akanigeukia.

"Iko wapi, binti?"

"Chai kwanza, Mwenyekiti."

"Sikuja kunywa chai."

"Na biskuti zipo."

Akakaa. Udhaifu wake naujua, maana mweka biskuti wa chama ni mimi. Ndiyo cheo changu rasmi. Nilipojiunga nilidhani nitapewa utafiti, nikapewa bati la biskuti.

Nikambeba Bwana Mkubwa kiunoni, huku namimina chai kwa mkono mmoja. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni. Macho yake hayakutoka kwenye ile nepi.

"Huyu ndiye mama yako?" akauliza Mwenyekiti.

"Mama yake mume wangu."

"Mama, una mkwe wa maana. Jumamosi hii anasoma hotuba yake ya kwanza mbele ya chama. Amekwambia?"

"Amenisomea," akasema mama mkwe. "Nililala kidogo katikati, lakini ilikuwa ndefu, nikaikuta bado inaendelea."

"Inamhusu Mwogeleaji," akasema Mwenyekiti, na sauti yake ikashuka kama mtu anayeingia mahali pa ibada.

Lazima niwaeleze. Chamani kwetu, ukutani, kuna picha kubwa ya rangi. Ni ya mwanamume mwenye kifua kama mlango wa benki, anaogelea usiku, barua ameiuma kwa meno, risasi zinamkosa kwa unywele. Huyo ndiye Mwogeleaji. Ndiye aliyevusha barua zote. Ushahidi wake ni doa la manjano, kwa sababu karibu kila barua iliyovuka inalo. Sisi wataalamu tunaliita doa la mto. Hotuba yangu nzima inahusu hilo doa. Nimeandika juu ya udongo wa mto, majani ya mto na msimu wa mafuriko. Kuna ukurasa mmoja unaohusu meno ya Mwogeleaji peke yake, kwamba lazima yalikuwa imara.

Siri niliyokuwa nayo moyoni ni kwamba bahasha yangu haikuwa na doa. Ilikuwa safi kabisa. Na chama kina sheria: isiyo na doa haikuvuka.

"Yako ina doa?" akauliza Mwenyekiti, kama aliyeisoma akili yangu.

Nikafungua mdomo niseme uongo. Sikujaliwa kuusema, kwa sababu wakati huo huo nilihisi ujotojoto kiunoni. Ulianza kidogo, ukaenea, ukateremka mpaka kwenye sketi yangu nzuri ya kupokelea wageni.

Bwana Mkubwa akanitazama usoni kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Nilitamani niwe sakafu.

"Mlete mume wangu nimbadilishe," akasema mama mkwe, akinyoosha mikono. Ndivyo anavyomwita mjukuu wake tangu azaliwe, na wanagombana kama wanandoa kweli.

"Mama, ngoja—"

"Mlete."

Akamlaza kitandani. Nepi akaifungua kwa kidole gumba kimoja, haraka, bila kutazama. Vidole vyake vikaingia katikati ya vile vitambaa viwili, vikatoka na bahasha. Hakuhangaika kuitafuta. Ni kama mtu anayechukua chumvi kwenye jiko lake mwenyewe.

Akailaza mezani, uso chini, mgongo juu, mbele ya Mwenyekiti. Karibu na mahali pa gundi palikuwa na doa jipya la manjano, linang'aa kwa umajimaji.

Nilifumba macho nikisubiri kufukuzwa chamani, na pengine duniani.

"Ah," akasema Mwenyekiti.

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ameinama na lenzi yake. Alikuwa ameivuta bahasha karibu na pua, akainusa, akaishusha polepole.

"Doa la mto," akasema. "Bila shaka yoyote. Unasikia hiyo harufu, binti? Ni matope ya ng'ambo."

Nami, wasomaji wangu, mwenye cheti, nikaitikia. Nilisema, "Ndiyo, Mwenyekiti, yanasikika." Naomba mnisamehe. Nilikuwa na sketi iliyolowa na ndoto iliyokuwa bado haijafa.

Mama mkwe ndiye aliyeshindwa. Alianza kutetemeka mabega. Alijifunika na ncha ya khanga, akajikaza, akashindwa tena. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, na Bwana Mkubwa akacheka naye bila kujua wanacheka nini.

"Nisamehe, baba," akamwambia Mwenyekiti akifuta machozi. "Huo mto umetoka hapa." Akampiga mjukuu wake kofi dogo la makalio. "Na wa zile zingine zote mlizo nazo ulitoka kwa baba yake huyu."

"Sikuelewi, mama."

"Mume wa huyu binti. Mwanangu. Alikuwa hivi hivi, na miguu hii hii. Mwogeleaji wenu ndiye yeye. Au mimi. Mgawane wenyewe."

Chai ilikuwa inapoa.

"Wewe," akasema Mwenyekiti.

"Mimi hata sijui kuogelea. Maji yakinifika magotini napiga kelele. Muulize mkwe wangu, hata kuoga naoga na kopo."

Ni kweli. Nikatikisa kichwa kuthibitisha, ushahidi wangu wa kwanza wa maana tangu nijiunge na chama.

Akatueleza, huku akimfunga mtoto nepi kavu. Kliniki ya watoto ilikuwa ng'ambo. Askari wa pande zote mbili walikubaliana jambo moja tu katika vita nzima, kwamba siku za sindano akina mama wenye watoto wachanga wapite darajani. Waliwapekua mikoba, wakawapekua nywele, viatu, mpaka chupa za uji wakazikoroga kwa vijiti. Lakini nepi iliyolowa hakuna askari aliyeigusa.

"Wanaume wale," akasema. "Mizinga hawaogopi, mkojo wa mtoto wanaukimbia. Kwa hiyo tukikaribia kizuizi nilikuwa namnywesha mwanangu maji mengi. Anafika pale analowa chapa chapa, askari anageuza uso, anasema pita, mama, pita."

"Lakini fundi viatu," akasema Mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa imeanza kuyumba. "Barua zilikuwa zinapokelewa kwa fundi viatu wa karibu na soko. Yeye mwenyewe alituambia kuna mtu anaogelea. Alimweleza mpaka kifua chake."

"Nilimwachia yeye barua, na watu wakazifuata kwake. Angesema ni mimi, ningepigwa risasi darajani. Akawatungia mwanamume." Mama mkwe akatabasamu. "Fundi yule alikuwa mwongo mzuri sana. Mungu amlaze pema."

Nikaifikiria hotuba yangu. Nikaufikiria ule ukurasa wa meno. Mume wangu wakati ule hakuwa na jino hata moja.

Mwenyekiti, lakini, si mtu wa kubaki chini. Alikunywa chai, akala biskuti, na nilipomtazama tena macho yake yalikuwa yanawaka kuliko mwanzo.

"Basi ni bora zaidi," akasema. "Picha tutaishusha. Tutachora mama na mtoto. Na hii," akaigusa bahasha kwa ncha ya glavu, "hii ndiyo barua pekee katika nchi nzima iliyovuka na haijafunguliwa. Tutaiweka kwenye kioo. Mbele kabisa, mlangoni. Chini yake pataandikwa jina lako, binti."

Jina langu. Chini ya kioo. Mlangoni.

Nawaambia ukweli, nilishaiona tayari. Niliona maandishi yenyewe na taa ndogo ya juu. Nilimwona mwalimu wangu wa masomo ya jioni anasimama mbele yake, analisoma jina langu, anawaambia watu kwamba alijua tangu mwanzo.

"Haiwezekani," akasema mama mkwe.

Hakuwa anacheka tena.

"Mama?"

"Hiyo barua si ya kioo. Ina mwenyewe."

"Mama mpendwa," akasema Mwenyekiti kwa upole, "barua ikifunguliwa inakufa. Zilizofunguliwa ninazo, zimejaa masanduku. Iliyofungwa ni hii moja. Atakayeipasua atakuwa ameua kitu ambacho hakitazaliwa tena."

"Barua isiyofika ndiyo iliyokufa," akasema mama mkwe. "Mimi sikuwahi kupoteza barua ya mtu. Hata moja. Ila hiyo."

Akakaa kitandani, mjukuu mapajani, akatueleza siku ile. Mwanawe aliamka na homa. Angeweza kubaki nyumbani, lakini alikuwa ameahidi kwenda kuchukua barua, na siku ya kliniki ni siku ya kliniki. Wakati wa kurudi, darajani, alimnywesha maji, mtoto akatapika yote. Nepi ikawa kavu. Askari akaigusa, akaikuta kavu, akamtazama mara mbili.

"Akaniambia nimvue mtoto. Nikamvua. Akaikung'uta ile nepi, haikutoa kitu, nilikuwa nashona vizuri. Akaitupa kwenye rundo la vitu vilivyochukuliwa, na bunda langu zima la nepi pia. Akaniambia kimbia. Nikakimbia na mtoto uchi, ana homa, na barua ya watu nimeiacha nyuma."

"Kisha?"

"Wenzangu waliookota nguo kwenye rundo wakaniletea bunda. Wakasema aliyoivaa mtoto imechomwa moto. Sikulifungua hata mara moja. Nilikuwa naogopa hata kuliona. Nililitia sandukuni, na kesho yake daraja likafungwa kabisa. Mpaka alipozaliwa huyu mume wangu, nikasema basi, mpe mkwe zile flana, woga wa nguo ni wa nini. Kumbe waliiokota." Akaitazama bahasha. "Kumbe nimekaa na barua ya mtu chini ya kitanda changu miaka yote hii."

Nilitaka kumshika mkono. Lakini mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amenisogezea bahasha.

"Aliyeiona ni wewe, binti," akasema. "Kwa sheria ya chama, ni wewe unayeamua inakwenda wapi."

Mama mkwe hakunibembeleza. Angenibembeleza ningepata sababu ya kukasirika. Alisema tu, "Haya, mkwe. Unasemaje?"

Nikaichukua. Ilikuwa nyepesi, bado na unyevu wa mwanangu. Upande mmoja kulikuwa na jina langu chini ya taa ndogo. Upande wa pili alikuwako mwanamke aliyekimbia darajani na mume wangu akiwa uchi, ana homa, na ambaye kila asubuhi hunichotea maji ya moto kabla sijaamka kisha anasema yamejichota.

Ningependa kuwaambia niliamua papo hapo. Nilichelewa kidogo. Ile taa ilikuwa nzuri.

"Ni yako, mama," nikasema. "Ipeleke."

Nikamwekea kiganjani.

Mwenyekiti akavua glavu moja, kisha ya pili, akazikunja. Kwa Mwenyekiti, hilo ni sawa na mtu mwingine kupiga meza.

"Kumpelekea nani?" akauliza kwa uchungu. "Watumaji hawakuandika majina. Nimesoma bahasha hizi nusu ya maisha yangu. Wanaandika 'Kwa mwenye redio mbovu', 'Kwa dada wa ngazi ya tatu'. Hakuna aliyewahi kumjua hata mmoja wao."

"Jina lingeua watu pande zote mbili," akasema mama mkwe. "Ilikuwa unaandika jambo ambalo yeye tu akilisikia atajua ni lake. Mimi mwenyewe sikuwajua wa huku. Niliwajua waliotuma tu. Wa barua hii alikuwa dada mmoja wa kule, mwembamba, anaongea huku anatazama mlango."

"Na ameandika nini?"

Mama mkwe hakuhitaji kuigeuza bahasha.

"Kwa aliyeacha koti," akasema.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini wala hakukipeleka mdomoni.

Nilidhani ameudhika. Nikamsogezea bati la biskuti. Hakuliona.

"Koti la namna gani?" akauliza.

"Sijui alivyokuwa nalo yeye. Lakini yule dada alikuwa analivaa kila nikimwona, hata jua likiwaka. La buluu. Kubwa kwake, mikono ameikunja. Kifungo cha juu hakikuwapo."

"Kilikatika kwenye komeo la mlango," akasema Mwenyekiti. "Nilikuwa nakimbia."

Aliyasema maneno hayo kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama mama mkwe, naye alikuwa anamtazama Mwenyekiti. Taratibu sana akamweka Bwana Mkubwa kando, akasimama.

"Nilienda kwa fundi viatu kila wiki," akaendelea Mwenyekiti. Alikuwa anakiongelesha kikombe. "Nilikuwa nauliza, hakuna cha aliyeacha koti? Ananiambia mto umejaa, kijana. Mwogeleaji atakuja. Nilikuwa najifanya nimeleta viatu. Mpaka viatu vikaisha, nikawa napeleka vya jirani. Baadaye nikaanza kununua barua za watu wengine. Nilisema nakusanya."

Akakiweka kikombe mezani.

Mama mkwe akapita mbele yangu. Alishika bahasha kwa mikono miwili, kama anavyotoa kitu kwa mtu anayemheshimu.

"Nisamehe, baba," akasema. "Imechelewa."

Akaipokea kwa vidole vitupu. Glavu zilikuwa mezani na hakuzikumbuka. Akaigeuza, akausoma ule mwandiko, na kidole chake kikafuata herufi moja moja, kikapita juu ya alama za meno ya mwanangu bila kuziuliza.

"Binti," akasema, "nipe kisu."

Nikampa kile kidogo cha kumenyea. Lazima mjue nilichokuwa nafikiria, maana nimewaahidi ukweli. Nilikuwa nafikiria kwamba huyu ndiye aliyesema barua ikifunguliwa inakufa, na kwamba kama angemaliza haraka ningewahi kwenda kubadilisha sketi. Machozi yalikuwa yananitoka wakati huo huo. Vyote viwili vinawezekana.

Ncha ya kisu ikaingia chini ya mdomo wa bahasha. Gundi ya zamani ikatoa mlio mdogo.

"Subiri kwanza," akasema mama mkwe.

Kisu kikasimama.

"Tulikuwa tunabeba na maneno," akasema. "Karatasi inaweza kupotea, maneno hayapekuliwi. Kila aliyenipa barua alinipa na neno la kusema kabla haijafunguliwa. Mengine nimeyasahau. Hili nimelisema moyoni kila siku, kwa sababu barua yake haikufika."

"Alisemaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile, nilimwona mama mkwe anaogopa kuongea.

"Alisema, mwambie, kama bado yuko peke yake aifungue. Kama ameshaoa, asiifungue. Anirudishie kwa mkono wake mwenyewe. Alisema atasubiri mojawapo."

"Atasubiri," akasema Mwenyekiti. "Wapi?"

"Kule kule. Ile nyumba ya karibu na kliniki." Akasita. "Nilipita pale mwaka jana na mwanangu. Kulikuwa na nguo imeanikwa nje. Ya buluu."

Kisu kilikuwa bado chini ya karatasi, nusu ndani, nusu nje. Mwenyekiti hakukisukuma na hakukitoa. Pete yake ya ndoa ilikuwa inagonga gonga kipini.

Ndipo tukasikia viatu vya kike vinapanda ngazi. Vikafika. Mlango ukagongwa.

"Baba watoto," sauti ya mwanamke ikasema nje, ya uchovu, ya mzaha, ya mtu aliyezoea. "Nimechoka kukusubiri garini. Nimeona nije niione mwenyewe, hiyo barua inayonishinda mimi."

Mwenyekiti akanitazama. Mama mkwe akanitazama. Hata Bwana Mkubwa akageuza shingo akanitazama.

Na aliyekuwa karibu na kitasa, kwa bahati yake ya siku zote, alikuwa ni mimi.